Mgeni akija kufanya kazi Bukavu, atalala wapi?

Makanisa yetu ya mashariki yamezoea kupokea wageni wa kazi kutoka nchi za mbali: daktari anayekuja Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya CEPAC, mwalimu wa UEA, fundi wa maji, mmisionari. Siku ya kwanza tunawaimbia na kuwaombea. Kisha jioni inafika na swali linabaki: nyumba iko wapi? Mara nyingi swali hilo linamwangukia mchungaji au shemasi. Basi tueleze mambo ambayo yeye anapaswa kuyaangalia.

Kwanza, mahali. Mji wetu una komini tatu: Ibanda, Kadutu na Bagira. Wageni wengi hutafuta Nguba au Muhumba, upande wa ziwa. Ni pazuri, lakini anayefanya kazi Panzi atapita katikati ya mji asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha njia ni matope na magari yanasimama. Mwonyesheni pia nyumba zilizo karibu na kazi yake.

Pili, udongo. Bukavu imejengwa juu ya vilima, na mvua zetu zinaanza Septemba mpaka Mei. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilitufundisha kutazama kuta. Zungukeni nyuma ya nyumba: je, kuna nyufa? Maji ya mvua yanapita wapi? Kilima cha juu kimeshikwa na nini? Mtu akitazama nyumba mwezi wa saba, wakati wa jua, awaulize majirani habari za mwezi wa kumi na moja.

Tatu, maji na umeme. Mwenye nyumba atasema vyote vipo. Mama jirani anayebeba bidoni asubuhi ndiye atakayesema maji ya REGIDESO yanakuja siku ngapi kwa juma, na umeme wa SNEL unakaa saa ngapi. Muulizeni yeye.

Nne, karatasi. Parseli moja inaweza kuwa na warithi wengi, na mmoja akapokea pesa bila wengine kujua. Kabla ya kulipa, mwone mkuu wa avenyu, ombeni kuona hati ya parseli, na andikeni kontra yenye sahihi za pande zote. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wengi wanaomba zaidi, na mgeni hajui. Kila malipo yawe na risiti. Siku ya kuingia, andikeni pamoja hali ya milango, vioo na choo, ili siku ya kutoka pasiwe na ugomvi wa garanti.

Tano, bei. Hapa ndipo penye neno gumu kwetu. Tuchukue mfano: nyumba ambayo jirani angepanga kwa dola 300, mgeni anaambiwa 600. Mwenye nyumba anafurahi, komisioneri anafurahi, na pengine ndugu wa kanisa aliyemleta mgeni naye anapewa bahasha yake kwa siri. Mgeni analipa, kwa sababu shirika lake linalipa. Nani basi ameumia?

Aliyeumia ni mwalimu wa nyumba ya pili, anayelipwa kwa franka. Mwaka unaofuata mwenye nyumba wake naye anataka 600, na mwalimu anahamisha watoto kwenye kilima kinachoporomoka. Tumemtoa jirani yetu kwa mkono wetu wenyewe, na Jumapili tunamwuliza mbona anachelewa ibada.

Maandiko yanatupa mifano miwili. Mama wa Shunemu alimtengenezea Elisha chumba kidogo: kitanda, meza, kiti na taa. Hakumwuzia; alifikiri mtu huyu anahitaji nini. Naye Paulo, kule Roma, alikaa miaka miwili katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake. Mwenyeji anapokea kwa moyo mweupe, na mgeni analipa kilicho haki.

Kwa hiyo tunashauri kila paruasi ichague watu wawili, baba mmoja na mama mmoja, wanaojua mitaa na bei zake. Wamsindikize mgeni bila kuchukua komisio. Kama kuna komisioneri, malipo yake yapatanwe mbele ya wote tangu mwanzo. Na mgeni aambiwe wazi bei ambayo majirani wanalipa, hata kama mwenye nyumba atakunja uso.

Mgeni akipata nyumba kwa njia hiyo, atalala salama, na jirani yake pia atabaki mahali pake. Bwana atusaidie kuwapenda wote wawili.