Kobe Wako Anakwaruza Kioo Usiku Mzima? Huyo Dem Anatafuta Mahali pa Kutaga

Kama unafuga kobe wa maji kwa keja, iko siku utaamka umpate amebadilika. Omena hagusi. Anakwaruza kioo kama mtu amefungiwa nje na caretaker, na miguu ya nyuma inapiga hewa kama inachimba. Wewe unadhani anakuringia. Zii. Ana mayai, na hana pa kuyaweka.

"Lakini hajawahi ona dume!" Haijalishi. Kobe jike hutaga hata akiwa solo, vile tu kuku wa mayai hufanya. Hayo mayai hayatatoa watoto, lakini lazima yatoke. Na kama alipatana na dume kitambo, anaweza kuweka mbegu mwilini kwa miaka na bado atage mayai yenye uhai.

Sasa ngori iko wapi? Kobe wa maji hutaga nchi kavu, kwa shimo amechimba mwenyewe. Akikosa mchanga anayashikilia. Mayai yakikaa sana yanakwama, na yakikwama yanaweza kumuua. Wengine huchoka wakayaangusha tu kwa maji.

Kumsaidia si ngumu:

1. Tafuta sanduku kubwa ya plastiki, urefu wake kama mara 4 au 5 ya gamba lake. Iwe na kuta ndefu, juu hawa watu hupanda.

2. Changanya mchanga wa mto na udongo usio na mbolea, nusu kwa nusu, kina cha sentimita 20 hadi 30. Weka maji kiasi. Ukiufinya ushikane kama ugali bila kutoa maji. Ukikauka sana, shimo litamporomokea.

3. Weka mahali pana joto, kama nyuzi 27 hadi 29. Kama kwako ni baridi, mwashie taa ya joto upande mmoja.

4. Mweke ndani, kisha toka. Akiona mtu anamchungulia anaacha kuchimba. Hakuna video ya status hapa, buda. Mpe masaa mawili matatu, halafu umrudishe kwa maji anywe. Kesho rudia.

5. Kabla hata ya msimu, mjenge na kalsiamu: omena nzima na mifupa yake, ama mfupa wa ngisi, ule watu huwekea ndege. Aote jua pia, ama apate taa ya UVB. Bila hivyo kalsiamu haishiki, ganda linakuwa laini na misuli inakosa nguvu ya kusukuma.

Akimaliza atafukia shimo na kurudi kwa raha zake. Anaweza kutaga mawili ama zaidi ya 20, na anaweza kurudia mara kadhaa kwa mwaka, so usimwage mchanga. Ukitaka kuyaangua, usiyageuze: weka alama juu na penseli na uyahamishe vile yalikuwa. Mtoto ndani akishajishika, kumpindua kunaweza kumuua.

Ni lini ukimbie kwa daktari wa wanyama? Akichimba siku kadhaa bila kitu, akilegea, akifunga macho, akisukuma bila yai kutoka, ama ukiona nyama imetokeza nyuma. Usifinye tumbo, usivute yai na kidole. Likivunjikia ndani, umemmaliza. Daktari atapiga eksirei ahesabu mayai, ampe kalsiamu na sindano ya kusukuma, ama afanye upasuaji. Mwambie mapema ni kobe, juu si kila daktari wa ng'ombe na mbwa anawajua.

Mambo mawili ya mwisho. Osha mikono na sabuni kila ukimshika, juu kobe hubeba bakteria za salmonella. Pili, usiokote kobe wa porini ukampeleka keja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali, na bila kibali utajieleza kortini. Na wako akikushinda, usimwachilie mtoni, atavamia makao ya wenyeji.

Kobe hana mdomo wa kulia. Akianza kukwaruza kioo, ameshakuambia.