Mtambo Nao Huhitaji Mlinzi wa Lango

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 2021, ilipotimu saa sita, saa zote za Sudan Kusini zilirudishwa nyuma hadi saa tano. Nchi yetu iliyaacha majira ya Nairobi na Kampala, ikafuata yale ya Afrika ya Kati. Kwa mkazi wa Juba lilikuwa jambo dogo, kwani alijipatia saa moja zaidi ya usingizi. Lakini kwa mitambo inayofanya kazi kwa ratiba, usiku ule ulikuwa na saa tano na nusu mbili. Kompyuta iliyoagizwa kutimiza kazi wakati huo, kama haikupangwa vyema, ingeweza kuitimiza mara mbili. Kazi hiyo ikiwa ni kufuta kumbukumbu zilizochakaa, si neno. Ikiwa ni kulipa mishahara ya kikosi kizima, hasara yake haihitaji kuelezwa.

Sisi askari na polisi twaifahamu ratiba. Kila kambi na kila kituo kina orodha ya zamu: nani atashika lindo, wapi, na saa ngapi. Kompyuta nazo zina orodha yao. Katika miaka ya 1970, wataalamu wa Bell Labs huko Marekani walitunga programu ndogo iitwayo cron, ambayo kazi yake ni kuitazama saa na kuamsha kazi nyingine wakati wake ukifika. Programu za namna hiyo zingali zikitumika duniani kote hadi leo.

Siku hizi, hata hivyo, orodha hiyo haiandikwi tu na mtu aliyeketi mbele ya mtambo. Programu nyingine, iliyo katika ofisi nyingine au mji mwingine, hubisha hodi kwa njia ya mtandao na kuagiza: fanya kazi hii, saa hii. Lango hilo la kupokea maagizo ndilo wataalamu waliitalo API. Faida yake ni kubwa, kwani karani hana haja ya kunakili karatasi kutoka ofisi hadi ofisi. Lakini hatari yake nayo ni kubwa. Mtambo ni askari mtiifu asiyeijua sura ya kamanda wake. Atakayelifikia lango lisilo na mlinzi hahitaji kuvunja kufuli. Atatoa amri tu, naye atatiiwa.

Mambo haya yamekwisha kutokea. Mwezi Machi 2024, kampuni ya usalama iitwayo Oligo ilifichua uvamizi wa mitambo ya Ray, inayotumika kugawa kazi za akili bandia miongoni mwa kompyuta nyingi. Lango lake la kupokea kazi halikuwa likimwuliza mgeni neno la siri. Waundaji walikusudia litumike ndani ya mtandao uliokwisha kuzungushiwa ulinzi. Watumiaji wengi wakaliacha wazi kwa intaneti. Kila upande uliamini kwamba lindo ni la mwenziwe. Kwa miezi kadhaa wavamizi waliiba funguo na maneno ya siri, na kuzifanyisha kompyuta za watu kazi ya kuchimba sarafu za kidijiti. Waliomba kazi, wakapewa.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya mbali. Tangu mwaka 2020 Juba imeunganishwa na dunia kwa waya wa nuru upitao Uganda, na njia iletayo habari yaweza kumleta mwizi pia. Jirani zetu wa Uganda walichunguza mwaka 2003 kashfa ya askari hewa, yaani majina yasiyo na watu. Lango la kompyuta lisilolindwa laweza kupitisha majina kama hayo usiku mmoja, na askari wa kweli akasubiri mshahara uliokwisha kuliwa.

Yafaa nini basi? Kwanza, kila anayeagiza, awe mtu au programu, awe na ufunguo wake mwenyewe, wala usitumike ufunguo mmoja kwa ofisi nzima. Pili, mwenye ruhusa ya kuisoma ratiba asiwe kwa hiyo tu na ruhusa ya kuibadili. Tatu, lango lipokee kazi zilizoorodheshwa tu, lisitekeleze kila amri iletwayo, na maagizo yasafiri yamefumbwa. Nne, kila agizo liwe na namba yake ya pekee, na namba iliyokwisha kutekelezwa ikataliwe. Saa nazo zihesabiwe kwa majira ya kimataifa, ili kisa cha saa tano na nusu mbili kisitudhuru. Tano, ahamishwapo mtumishi, ufunguo wake ufutwe siku ile ile, kama vile anavyorudisha silaha ghalani. Sita, kila agizo liandikwe katika daftari la mtambo, na daftari hilo lisomwe.

Hakuna mlinzi anayempitisha mtu kwa sababu tu amekwisha kuingia ndani ya uzio. Humsimamisha, humwuliza yeye ni nani, kisha humtaka neno la siri. Kila mkuu wa ofisi yenye mtambo wa namna hii na aulize leo: lango letu liko wapi, funguo zake wanazo akina nani, na ni nani aliyelisoma daftari lake jana? Akikosa jibu la swali moja tu kati ya hayo, ajue kwamba lindo liko tupu.