Kicheko Kilichochoma Mji
Fundisho juu ya kitabu «Carrie»

Mwanaseminari akionekana na kitabu cha kutisha mkononi, mara moja ataulizwa: «Kitabu hiki kina faida gani kwa mtu anayetaka kuwa padri?» Swali hilo ni la haki. Zamani Kanisa lilikuwa na Indexi, ndiyo orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Tangu mwaka 1966 orodha ile haina tena nguvu ya sheria, na kila mkristu anapaswa kupima mwenyewe, kwa zamiri iliyofundishwa vizuri, kitabu anachosoma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati «Inter mirifica» ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba kusimulia mambo mabaya kunaweza kutusaidia kumjua mtu zaidi, ikiwa sheria ya Mungu inaheshimiwa.

Basi tukipime kitabu kimoja kwa kipimo hicho. Kinaitwa «Carrie», na mwandishi wake ni Mmarekani Stephen King. Watu wengi wanakijua kwa njia ya sinema tu, nao wanasema: «Ni hadisi ya msichana mlozi.» Sisi tunajibu: sivyo. Ni hadisi ya kicheko. Tuone kwa sababu gani.

I. Kitabu kilizaliwa namna gani?

King alizaliwa mwaka 1947 katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani. Alipoanza kuandika kitabu hiki alikuwa mwalimu kijana, mwenye mke na watoto, akikaa katika nyumba ya magurudumu. Mshahara wake haukutosha. Aliandika kurasa chache, kisha akazitupa katika pipa la takataka, maana alizani hawezi kueleza vizuri maisha ya wasichana. Mke wake Tabitha akaziokota, akazisoma, akamwambia aendelee. Kitabu kikachapishwa mwaka 1974, nacho ndicho cha kwanza cha King kilichotoka. Mwaka 1976 Brian De Palma akakitengenezea sinema.

Katika kitabu kingine, cha mwaka 2000, King anaeleza alimpata wapi Carrie. Anasema aliwakumbuka wasichana wawili aliosoma nao. Mmoja alikaa na mama yake katika nyumba yenye msalaba mkubwa kupita kiasi. Wa pili alivaa nguo zilezile kila siku, zaidi ya mwaka mzima, na wenzake wakamcheka. Nyuma ya likizo ya Noeli akarudi na nguo mpya, na nywele zimetengenezwa vizuri. Je, wenzake walifurahi pamoja naye? Hapana. Walimcheka kuliko mbele. Hawakutaka atoke pahali walipomweka. King alipoanza kuandika, wasichana wale wote wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Msomaji ashike sana jambo hili: wanafunzi wale hawakucheka nguo. Walimcheka mtu. Nguo zilipobadilika, kicheko kilibaki.

II. Hadisi yenyewe

Carrie White ni msichana wa miaka 16 katika mji mdogo wa Chamberlain. Mji huo hauko kweli. Mwandishi aliutunga na kuuweka katika jimbo lake la Maine. Baba wa Carrie alikufa mbele yeye kuzaliwa. Mama yake, Margaret, amejitenga na makanisa ya mji na kufanya ibada nyumbani mwake. Kwake kila kitu cha mwili ni zambi. Carrie akikosea, mama anamfungia katika chumba kidogo chenye giza, kusudi asali na kuomba msamaha.

Siku moja, katika bafu ya masomo, Carrie anapata damu ya mwezi mara ya kwanza. Mama hakumwambia hata neno moja juu ya jambo hilo, na msichana anafikiri anakufa. Wenzake wanamzunguka, wanacheka, wanapiga kelele, wanamtupia vitambaa vya wanawake. Hata mwalimu, Bibi Desjardin, anampiga kofi kwanza. Ndipo anaelewa na kumsaidia. Nyumbani mama anamwambia kwamba damu ile ni alama ya zambi, kisha anamfungia.

Mwalimu anawaazibu wasichana. Mmoja, Chris Hargensen, anakataa azabu, kwa hiyo anakatazwa kuhuzuria karamu ya dansi ya wakubwa. Anataka kulipiza kisasi. Mwingine, Sue Snell, anasikia haya, na anamwomba mchumba wake Tommy ampeleke Carrie katika karamu ile. Carrie anajishonea nguo nzuri. Kwa mara ya kwanza watu wanazungumza naye kama mtu. Anachaguliwa pamoja na Tommy kuwa mfalme na malkia wa karamu. Lakini Chris na rafiki yake wametundika juu ndoo mbili za damu ya nguruwe. Wanavuta kamba. Damu inamwagika. Mmoja anaanza kucheka, na wengine wanafuata.

Sasa, tangu utoto Carrie ana nguvu ya kusukuma vitu kwa akili tu, bila kuvigusa. Anakimbia nje akiwa amelowa damu. Pale nje angeweza kwenda zake. Lakini anageuka, anafunga milango kwa nguvu ile, na nyumba ya karamu inaungua na watu ndani. Kisha mji nao unaungua. Wanakufa watu zaidi ya 400. Nyumbani mama anamchoma kisu, naye anausimamisha moyo wa mama yake. Mwisho anakufa, akimlilia mama yule yule.

III. Je, ni ulozi?

Wakatekista wataulizwa swali hili, basi tujibu wazi. Mwandishi hasemi kwamba Carrie amefanya agano na shetani, wala kwamba ana dawa au hirizi. Katika hadisi, nguvu yake inatoka katika damu ya ukoo, kama vile mtoto anavyorizi macho ya bibi yake. Nguvu ya namna hiyo haijapata kusibitishwa na wenye elimu. Ni kitu cha hadisi, kama wanyama wanaosema katika mezali za wazee wetu.

Nani basi anamwita Carrie mlozi? Ni mama yake. Anashika neno moja la kitabu cha Kutoka juu ya kumwua mwanamke mlozi, na kwa neno hilo anachukua kisu. Aliyeona ulozi ndiye aliyetaka kuua mtoto wake. Wanaosema «hadisi ya mlozi» wamefuata hukumu ya Margaret, bila kujua.

Jambo hili si la Marekani tu. Katika miji yetu ya Kongo watoto wanaitwa walozi: mtoto anayekojoa kitandani, yatima aliyepokelewa na mjomba, mtoto wa mke wa kwanza. Ugonjwa ukiingia nyumbani, anatafutwa mwenye kosa, na mdogo asiye na mtetezi anaonekana haraka. Wengine wanapelekwa kwa wachungaji wa kujitwalia cheo, wanafungwa bila chakula kwa jina la maombi. Chumba chao ni kile kile cha Carrie. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika artikulo 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa watoto inamtia azabu mwenye kufanya hivyo. Mkatekista akisikia neno hilo katika jamaa ya mkristu asinyamaze, wala asingoje Jumapili.

IV. Zambi ya zihaka

Sasa tufike kwenye kiini. Vijana wengi wanasema: «Tulikuwa tunacheza tu.» Mtakatifu Toma wa Akwino alijibu neno hilo zaidi ya miaka 700 iliyopita. Katika Summa, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 75, anaitenga zihaka na zambi nyingine za ulimi. Mwenye kutukana anataka kuondoa heshima ya mwenzake. Mwenye kusengenya anataka kuharibu jina lake. Mwenye zihaka anataka kumtia haya, kusudi asiwe tena na amani katika nafsi yake.

Toma anaendelea. Kucheka kosa dogo kunaweza kuwa zambi ndogo. Lakini mtu akicheka taabu ya mwenzake kwa sababu anamhesabu mwenzake kuwa si kitu, hiyo ni zambi ya mauti, nayo ni nzito kupita matusi. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kutukana anaona angalau kwamba taabu ya mwenzake ni taabu kweli. Mwenye zihaka anaifanya mchezo. Basi lile neno «tulikuwa tunacheza tu» si utetezi. Ndilo ungamo lenyewe.

V. Nani ana kosa?

Je, tuseme kwamba Carrie hana kosa? Hapana. Katika watu waliokufa wengi hawakumtendea neno lolote. Katekisimu ya Kanisa Katolika, namba 1735, inafundisha kwamba ujinga, woga, mazoea na mambo mengine ya moyo yanaweza kupunguza hatia ya mtu, hata pengine kuiondoa. Kupunguza hatia si kugeuza ubaya kuwa wema. Tumhurumie, wala tusimsifu.

Tumwangalie Sue vilevile. Ametubu kweli, lakini njia yake ina upungufu: hakwenda kwa Carrie mwenyewe kumwambia: «Nimekukosea.» Alimpa zawadi kwa mkono wa mtu mwingine. Deni la heshima linalipwa kwa yule aliyenyang'anywa heshima, uso kwa uso.

Na mama? Ndani ya nyumba yake Mungu ana jina na sanamu, lakini hana huruma. Usiku ule wa moto Carrie anaingia kanisani kusali, na anaona hakuna anayemjibu. Ukurasa huo unatisha kuliko ndoo ya damu. Mtoto aliyefundishwa Mungu wa hasira tu, siku ya taabu yake atamkimbilia nani? Tusiseme haraka: «Hayo ni ya madini mengine.» Mwalimu wa dini anayetisha watoto kwa moto wa milele kusudi wanyamaze darasani, huyo naye amefungua mlango wa chumba kile cha giza.

VI. Samsoni na Yesu

Maandiko Matakatifu yanamjua mtu wa namna ya Carrie. Wafilisti walimwita Samsoni, kipofu, katika sikukuu yao, kusudi wamcheke. Akashika nguzo mbili, nyumba ikaanguka juu yao na juu yake mwenyewe. Ndivyo kilio cha mwenye kuchekwa kinavyojibu kikiwa na nguvu.

Lakini yuko Mwingine. Askari walimvika vazi la kifalme, wakamtia taji, wakampigia magoti kwa kucheka. Damu juu yake haikuwa ya nguruwe. Ilikuwa yake mwenyewe. Naye alikwisha kusema kwamba angeweza kumwomba Baba malaika majeshi zaidi ya kumi na mawili. Hakuwaomba. Aliwaombea waliomcheka. Kati ya Carrie na Yesu tofauti si uchungu, maana wote wawili waliuona. Tofauti ni hii: Yesu alijua kwamba Baba anampenda. Carrie hakuna aliyemwambia.

VII. Ya kufanya

Kwanza, katika kila kundi la katekisimo mwalimu amtafute yule anayekaa peke yake, ajue jina lake kamili, na asimwite kamwe kwa jina la utani alilopewa na wenzake. Pili, wamama wakristu wawaeleze mabinti wao mambo ya mwili mbele ya wakati, kwa heshima, kama kazi ya Muumba. Tatu, tunapowatayarisha watoto kwa Sakramenti ya Kitubio, tusiwaulize tu juu ya uongo na wizi, tuwaulize: «Ulimcheka nani, na yeye alilia?» Nne, sisi mapadri na waseminari tujichungue. Katika seminari pia kuna ndugu ambaye matamshi yake yanachekwa mezani kila siku, na wote wanasema ni mchezo.

Tena, katika kitabu hiki kuna lugha chafu na mambo ya uasherati. Hatukitoi mikononi mwa watoto. Lakini mlezi mzima anayekisoma atakuta humo uchunguzi wa zamiri ambao hakuutazamia. Akifunga kitabu, asijiulize: «Je, nguvu ile iko kweli?» Ajiulize: «Katika kalasi yangu, nani anachekwa leo?» Kisha aende kumwona yule mtoto, kabla jua halijatua.