Zamu ya Uji: Wazazi Wanavyoendesha Darasa la Awali Chanji

Siku ya kwanza nilipofika pale kituoni nilibeba daftari jipya. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili, kichwa kimejaa Piaget na Vygotsky, nikajua moja kwa moja wataniweka mbele ya darasa. Mama aliyekuwa zamu akanitazama juu mpaka chini, akanipa mwiko. "Mjomba, koroga. Usiache unga ushike chini."

Ilikuwa mwisho wa Julai, na wanaoijua Sumbawanga wanajua baridi ya asubuhi ya mwezi huo. Dada yangu alikuwa shambani anamalizia kupukuchua mahindi, zamu yake ikanikuta mimi niliyekuja likizo. Ndivyo nilivyoingia kwenye habari hii ambayo darasani tunaiita "ushirikishwaji wa wazazi" na kuiandikia kurasa mbili za mtihani.

Kituo chenyewe kipo Chanji, ndani ya Manispaa ya Sumbawanga. Ni chumba kimoja cha tofali za kuchoma na uwanja mdogo, watoto wapatao 30. Hakina mwenyewe kwa maana ya tajiri aliyekifungua akusanye ada. Wenyewe ni wazazi. Mkutano wao ndio bosi: unachagua kamati ya mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe, na kamati inamtafuta mwalimu, inapanga posho yake na inanunua chaki. Kila mzazi anatoa vitu vitatu: fedha kidogo kila mwezi, mahindi wakati wa mavuno, na muda wake. Mapato na matumizi huandikwa kwenye karatasi la manila nyuma ya mlango. Asiyejua kusoma anasomewa mkutanoni, kwa sauti, na hapo ndipo maswali hutoka. Nilimsikia baba mmoja akiuliza kwa nini kuni za mwezi ule zimepanda wakati yeye mwenyewe alileta mzigo mzima kwa baiskeli. Mweka hazina alieleza mpaka jasho likamtoka, baridi yote ile!

Mambo ya usajili sitayaeleza sana. Yatosha kusema kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na mlango wa kuanzia ni ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wazazi wakijikusanya tu chini ya mti bila hilo, wanajitafutia matatizo.

Moyo wa mambo ni zamu. Kila siku kuna wazazi wawili. Mmoja ni wa uji, mwingine wa darasa. Wa darasa hafundishi. Anafuta makamasi, anasindikiza chooni, anakaa na kundi moja wakati mwalimu yupo na jingine. Mtaala wetu wa elimu ya awali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na mnaokwenda mafunzo kwa vitendo mnajua uwiano huo unavyobaki kwenye makaratasi. Pale Chanji mzazi wa zamu ndiye anayeufanya usogee karibu na ukweli, bila mshahara wa mtu wa pili.

Kuna masharti, nayo ndiyo yaliyonifanya niwaheshimu wale wazazi. Mzazi wa zamu haruhusiwi kumchapa mtoto yeyote, hata wake. Haruhusiwi kumbeba wake peke yake huku wengine wanalia. Na anachokiona kituoni hakitoki nje: kama mtoto wa jirani amekuja bila kufua au amejikojolea, habari hiyo isimtangulie nyumbani. Sharti la mwisho ndilo gumu, maana kisimani kuna masikio.

Lakini faida kubwa niliiona upande wa mzazi kuliko wa mtoto. Mama akikaa asubuhi nzima akimwona mwalimu anahesabisha kwa vizibo na punje za mahindi, jioni atahesabisha kwa maharage anayochambua. Hakuna semina inayofanya hivyo. Wenzetu wa New Zealand walianza vituo vya namna hii mwaka 1941, wakavijenga juu ya wazo kwamba mzazi naye ni mwanafunzi. Mwaka 1916 wake za wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Chicago walianzisha chekechea yao ya ushirika, wakipokezana kulea. Na karibu nasi, shule za awali za madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980, zikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, zilisimama juu ya makubaliano na jamii yenyewe: jamii ina kamati yake, na kituo ni mali yake.

Upande wa uji nao si mzaha. Mkoa wetu unavuna mahindi mpaka yanauzwa mikoa mingine, lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, asilimia 49.8, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Chakula kipo, kinachokosekana ni mchanganyiko. Kwa hiyo kwenye sufuria ile kuna mahindi, karanga na ulezi, ulezi ambao kwetu aghalabu hukimbilia kwanza kwenye pombe. Mama wa zamu anaupima kwa kikombe mbele ya mwenzake, na kipimo kile anakwenda nacho nyumbani. (Wangu ulishika chini. Waliunywa hivyo hivyo.)

Sasa nieleze palipouma.

Kila anayekosa zamu bila taarifa alikuwa anatozwa shilingi 2,000, na asipolipa mtoto anabaki nyumbani mpaka deni liishe. Sheria hiyo ilipitishwa na wazazi wenyewe, kwa kura, kila kitu halali. Wiki yangu ya pili nikauliza mbona mtoto mmoja haonekani. Anaishi na bibi yake. Msimu wa kulima bibi alihamia shambani, akakosa zamu tatu. Mavuno yakaja, akakosa nyingine. Deni likawa kubwa kuliko anachoshika kwa mwezi. Mtoto alikuwa anakuja mpaka kwenye uzio, anasimama hapo kuwatazama wenzake wakicheza, halafu anarudi.

Kwenye mkutano wa mwezi nilinyoosha mkono, ingawa sikuwa mzazi. Nilisema shule za serikali, tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, haziruhusiwi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Mama mmoja akanijibu palepale: "Mwanangu, hizo zina serikali. Sisi tuna sisi. Bibi akisamehewa leo, kesho nani atakoroga?"

Sikuwa na jibu. Na mpaka leo naona alikuwa na hoja. Kitu cha ushirika kinasimama kwa sababu kila mtu anaogopa kumwangusha mwenzake. Woga huo ukitoka, wanabaki watu wanne wanaobeba wengine wote. Baadaye ndiyo lilipozuka wazo, si kwangu, kwa fundi baiskeli mmoja aliyekaa nyuma: zamu ifuate msimu wa mtu. Wenye mashamba ya mbali wafanye zamu zao nyingi wakati wa kiangazi, wenye biashara na wenye bodaboda wabebe masika. Asiyeweza kabisa alete kuni au afume mikeka. Na deni ni la mtu mzima, mtoto haguswi.

Ilipita, kwa kura chache tu. Mtoto alirudi Jumatatu.

Dada ananiambia mambo si mororo. Wapo wawili watatu waliogundua kwamba sasa hakuna kinachowabana, wanaleta kuni za kuokoteza na kwenye zamu hawaonekani. Akina baba ndio usiseme: mkutanoni wamejaa, kwenye mwiko yupo yule fundi peke yake. Mwezi ujao kuna mkutano mwingine, na yule mama aliyenijibu anagombea uenyekiti. Dada anasema atampigia kura. Ningekuwepo, nami ningempa yangu.

Ninaandika haya nikiwafikiria wenzetu hapa chuoni wanaosoma huku wanalea, wanaomwachia mtoto binti wa geto la jirani ili wawahi kipindi cha saa 2, na bumu lenyewe linaishia kumlipa. Nimehesabu kwenye kozi yangu tu, wapo watano. Chumba kimoja, ratiba ya zamu, na karatasi la manila nyuma ya mlango. Kukoroga nimeshajifunza.