Pampu Inapolia: Kweli na Si Kweli kuhusu Kelele za Visima vya Kwale

Kabla pampu ya mkono ya Afridev haijasambaa Afrika na Asia, Kwale ilikuwa miongoni mwa mahali ilikojaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya mradi wa UNDP na Benki ya Dunia, mafundi waliifunga kwenye visima vya pwani ya kusini ya Kenya, Msambweni na vijiji vya jirani, wakaangalia inachokea wapi, kisha wakarekebisha muundo wake. Walitaka pampu ambayo wanakijiji wenyewe wangeifungua kwa spana moja, wakatoa kilichokwisha na kurudisha kipya, bila kungoja gari la serikali. Hadi leo mamia ya pampu hizo zingali zinatoa maji Kwale.

Nazo hulia. Ukipita Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga asubuhi, pampu utaisikia kabla hujaiona. Kila mlio una chanzo chake, na anayekijua chanzo huokoa pesa na siku nyingi za kiu. Haya ndiyo yanayosemwa visimani, moja baada ya jingine.

"Maadamu maji yanatoka, kelele si shida."

Si kweli. Wazo hili huua pampu nyingi. Mlio mwembamba unaokuja na kila pigo la mpini hutoka kwenye beringi, pale mpini unapobebwa. Beringi ya Afridev si ya gololi. Ni vipande vya plastiki ngumu vinavyoingiana, cha ndani kikizunguka ndani ya cha nje. Ukikishika kipya mkononi, tundu lake ni la mviringo safi na pini inakaa bila kucheza. Kitoe kilichokaa miaka mitatu kwenye kisima chenye foleni: tundu limekuwa kama yai, ukingo mmoja umebaki mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga, na kuna vumbi jeusi limeganda pembeni. Hapo mpini huanza kuyumba kushoto na kulia. Plastiki ikiisha kabisa, chuma hukutana na chuma, na kipuri cha bei ndogo kinageuka kuwa kazi ya kuchomelea.

Ndiyo maana mwongozo wa Afridev unataka beringi, sili ya pistoni na raba za vali zibadilishwe kila mwaka, ziwe zimelia au hazijalia.

"Ikilia, ipake grisi."

Si kweli kwa Afridev. Beringi zake zimeundwa kufanya kazi zikiwa kavu. Grisi, mafuta ya kupikia au oili chafu ya gari hunyamazisha mlio kwa siku chache, kisha hushika mchanga unaopeperuka kila siku. Grisi yenye mchanga ni msasa: kila pigo la mpini linakwangua plastiki. Kitambaa safi cha kufuta vumbi, na kukaza nati zilizolegea, vinasaidia zaidi ya kopo zima la grisi. Nati iliyolegea nayo hulia, na mara nyingi hudhaniwa ni beringi.

"Kitu kikigonga chini ya ardhi, jiwe limeangukia ndani ya kisima."

Mara chache sana. Ndani ya paipu ya plastiki inayopandisha maji kuna fimbo za chuma, kila moja karibu mita 3, zilizounganishwa moja kwa nyingine kutoka mpinini hadi kwenye pistoni chini. Vipo vishikizi vya kuzizuia zisiguse ukuta wa paipu. Vishikizi hivyo vikilika, au fimbo ikipinda kidogo, chuma hugonga plastiki kila mpini unapopanda na kushuka. Weka kiganja kwenye mwili wa pampu, utausikia mgongano huo mkononi.

Ukiachwa, paipu hutoboka. Maji yaliyokwisha kupandishwa yanavuja na kurudi kisimani, mpigaji anachoka, ndoo haijai. Tofautisha hali hiyo na mpini unaolegea ghafla ukawa mwepesi bila maji kutoka kabisa. Hapo fimbo imeachana au imekatika, na kuendelea kupiga hakuna faida.

"Ukipiga mara nyingi kabla maji hayajatoka, kisima kimekauka."

Mara nyingi si kweli. Chini ya paipu kuna vali ya kuzuia maji yasirudi. Ikivuja, safu yote ya maji hushuka pampu inapopumzika, na anayekuja kwanza asubuhi hulazimika kuijaza upya. Unaweza kupima bila kifaa chochote. Piga mpaka maji yatoke vizuri, iache pampu nusu saa, kisha piga tena ukihesabu. Yakizidi mapigo matano kabla maji hayajatoka, tafuta mvujo kwenye vali ya chini au kwenye paipu. Uzuri wa Afridev ni kwamba vali hiyo huvuliwa kwa kupitia ndani ya paipu, bila kung'oa paipu yenyewe.

Kisima kilichopungukiwa maji kina dalili nyingine. Maji hutoka vizuri mwanzoni, kisha baada ya mitungi kadhaa huanza kukatika, na pampu inabwabwaja hewa. Ukingoja, yanarudi. Hapo kosa si la pampu, na kuibadilisha ni kupoteza pesa.

"Mtikisiko wa mpini unaweza kueleza maji yako kina gani."

Kweli, na jambo hili limethibitishwa hapa hapa Kwale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza kifaa kidogo kinachokaa ndani ya mpini, kinapima mwendo wake na kutuma habari kwa mtandao wa simu. Kwanza kilitumika kujua pampu ipi imesimama. Katika majaribio ya Kyuso, Kaunti ya Kitui, muda wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3.

Vifaa hivyo vilipofungwa kwenye pampu za Kwale, watafiti waligundua kwamba ndani ya mwendo wa mpini umo mtikisiko mwepesi na wa haraka ambao hubadilika kulingana na kina cha maji. Wakaifundisha kompyuta kuutambua, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo: mpini wa kawaida, unaopigwa na kina mama na watoto kila siku, unaweza kukadiria kina cha maji ya ardhini. Kwa kaunti ambayo ukame huingia kabla watu hawajajiandaa, hilo ni jambo kubwa. 

"Sauti ya changarawe ndani ya mota ni mchanga."

Huenda, lakini usikimbilie hapo. Nyumba nyingi za Diani na Ukunda huvuta maji ya kisima kwa pampu ya umeme iliyokaa juu ya ardhi. Pampu ya namna hiyo hainyanyui maji kwa nguvu zake peke yake. Hupunguza shinikizo ndani ya paipu, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji juu. Kwa hesabu, hewa ya usawa wa bahari haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi. Kwa kazi halisi, ukipita mita 7 umeanza kutafuta shida.

Maji yakiwa mbali mno, au paipu ya kuvutia ikiwa nyembamba au chujio limeziba, shinikizo hushuka mpaka maji yanatoa vipovu vya mvuke yakiwa baridi vile vile. Vipovu hivyo hupasuka vinapofika kwenye impela, gurudumu linalosukuma maji, na mpasuko huo ndio unaosikika kama changarawe. Hung'oa chembe za chuma kidogo kidogo. Safisha chujio, kaza viungo vya upande wa kuvutia, au ishushe pampu karibu na maji. Kununua mota yenye nguvu zaidi huongeza tatizo lile lile.

"Mota inayovuma bila kuzunguka itashika yenyewe."

Si kweli, na ni hatari. Mvumo huo maana yake umeme unaingia ila mota imeshindwa kuanza: kapasita imekufa, impela imekwama, au umeme ni hafifu. Koili hupata moto haraka sana. Zima kwanza, ndipo utafute sababu. Na kama sababu ni kapasita, mwachie fundi wa umeme, kwani inaweza kumpiga mtu hata baada ya kuzimwa.

"Pampu ya tangi la samaki ikianza kunguruma, imekwisha."

Si kweli mara nyingi. Ndani yake kuna impela ndogo yenye sumaku, inayozunguka kwenye mhimili mwembamba. Maji ya visima vya mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo huganda hapo hapo. Chomoa umeme, toa impela, iloweke kwenye siki, isugue kwa mswaki, usuuze. Ukiirudisha, hakikisha hewa yote imetoka. Kama bado inanguruma, angalia mhimili usiwe umepasuka, na chini ya pampu weka sponji ili kioo cha tangi kisiikuze sauti.

"Bomba likitoa hewa, mita haisogei."

Si kweli, na watu wa Samburu ya Kwale wanapaswa kulijua hili. Huko, kwenye barabara kuu ya Mombasa, pampu za mkono ni chache kwa sababu ya ardhi yenyewe: chini kuna miamba ya kundi la Duruma, na maji mengi yanayopatikana humo ni ya chumvi. Hivyo watu hutegemea silanga na maji ya bomba linaloshuka kutoka chemchemi za Mzima, lililojengwa miaka ya 1950. Maji yakikatika kisha yakarudi, husukuma mbele hewa iliyojaa ndani ya paipu. Mfereji unazomea na kutema, na mita ya kawaida yenye gurudumu huzungushwa na hewa kama inavyozungushwa na maji. Funga mfereji maji yakikatika. Yakirudi, fungua taratibu. Bili ikija kubwa kwa mwezi ambao maji hayakuonekana, una haki ya kwenda kuuliza.

"Kipuri cha Afridev ni kile kile, popote kilikotoka."

Si kweli. Michoro ya Afridev haina mwenyewe, na kampuni yoyote inaweza kuifuata. Vipimo vinafanana, ubora haufanani. Kamati ya kisima iandike kila kipuri kilinunuliwa wapi na kikadumu muda gani, na duka linalouza beringi za miezi minne lisirudiwe.

"Kusikiliza pampu ni kazi ya fundi."

Si kweli. Fundi hufika siku moja, mchota maji yupo kila siku. Kwale ina huduma ya matengenezo iitwayo FundiFix, ambapo jamii hulipa ada na kampuni huahidi kuitengeneza pampu kwa siku chache. Lakini hata huduma bora hutegemea habari inayoletwa na kijiji. Kwa hiyo unapopiga simu, usiseme tu kwamba pampu inalia. Sema mlio unatoka juu au chini. Sema unakuja mpini ukipanda, ukishuka, au kote kuwili. Sema ni mapigo mangapi kabla ya maji kutoka, na mtungi wa lita 20 unajaa kwa muda gani ukilinganisha na zamani. Ukiyataja hayo manne, fundi ataondoka dukani na kipuri kinachohitajika, na pampu itatoa maji siku ile ile anayofika.