Usajili wa Agosti, hesabu ya Mei

Ijumaa ya Agosti 11, 2023, msimu mpya wa Ligi Kuu ya Uingereza ulifunguliwa kwenye uwanja wa Turf Moor, Burnley wakiwakaribisha mabingwa Manchester City. Dakika ya 23 Kevin De Bruyne alitoka, misuli ya nyuma ya paja imemgomea. Hakuonekana tena kwenye ligi hadi Januari. Mashabiki wa City walisikitika, lakini kulikuwa na watu wengine walioumia zaidi: makocha wa fantasi waliomchagua De Bruyne kwa zamu yao ya kwanza siku chache tu kabla ya mechi hiyo. Kikosi kilichosifiwa na kundi zima la WhatsApp kilipoteza nguzo yake kabla ya mapumziko ya mechi ya kwanza.

Sasa je, usajili ule ulikuwa mbaya, au ulikuwa mzuri ukakutana na mkosi? Kila mwaka swali hili huzua ubishi, na watu wengi hulijibu kwa kutazama matokeo peke yake. De Bruyne aliumia, basi kocha wake hakujua kuchagua. Lakini jibu lenye maana linaanzia nyuma zaidi, Juni 10, 2023, Istanbul, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Usiku ule De Bruyne alitolewa kabla ya mapumziko, na tatizo lilikuwa hilohilo la paja. Aliyemchukua Agosti alikuwa na taarifa hiyo mkononi. Kama aliipima, akaona kipaji kinazidi hatari, alifanya kamari ya mtu mzima. Kama alichukua jina tu, hapo tuna la kusema naye.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: kwenye fantasi ya kawaida, inayochezwa na mamilioni ya watu, kila kocha hupewa pauni milioni 100 za kwenye makaratasi na ananunua amtakaye. Makocha wote kumi wa kundi moja wanaweza kuwa na mshambuliaji Haaland yuleyule. Fantasi ya zamu, ambayo Ligi Kuu yenyewe iliianzisha msimu wa 2017/18 na wenyewe huiita drafti, haina bei. Haaland ni mmoja, akishachukuliwa amechukuliwa. Raundi ya kwanza huenda kutoka kocha wa kwanza hadi wa kumi, ya pili inarudi kinyumenyume, wa kumi akianza, na hivyo hivyo mpaka kila mmoja awe na watu 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Hakuna nahodha wa kuzidisha pointi. Unachokichagua usiku ule ndicho unachokula.

Kikao kikiisha, alama zinaanza kugawiwa. Huyu A, yule C, fulani amechagua kama mtu aliyekuwa anaendesha gari. Tabia hii imetoka Marekani, ambako kila mwezi wa Aprili wachambuzi huzigawia alama timu za NFL, ligi ya soka ya Kimarekani, kwa vijana waliosajiliwa saa chache zilizopita na ambao hawajavaa hata jezi ya mazoezi. Na fantasi yenyewe imezaliwa huko huko. Mwaka 1962 Bill Winkenbach, aliyekuwa na hisa katika timu ya Oakland Raiders, alitunga kanuni zake na wenzake wawili wakiwa hotelini New York, na Agosti 1963 makocha wa kwanza wakakutana nyumbani kwake kuchagua wachezaji. Jina la kwanza kutajwa katika historia ya mchezo huu lilikuwa George Blanda wa Houston, mrushaji mpira ambaye pia alikuwa mpiga mateke. Jim Brown wa Cleveland alikuwa bado yupo mezani. Msimu huo Brown alikimbia na mpira yadi 1,863, rekodi ya wakati huo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kabisa kuna mtu alichagua, na kuna watu wakapata cha kusema.

Tatizo la alama za usiku wa usajili ni hili: zinapima jinsi kocha alivyokubaliana na orodha ya wengi. Programu ya mchezo inakuja na mpangilio wake wa majina, wachambuzi wana wao, na kila mtu amezisoma orodha zilezile wiki nzima. Aliyemchukua mchezaji wa 12 kwenye zamu ya 12 anapongezwa. Aliyemchukua wa 60 kwenye zamu ya 35 anachekwa. Hakuna aliyeuliza kama orodha yenyewe ina macho.

Na orodha, hata za wataalamu wanaolipwa, hazioni mbali. Wanauchumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler (huyu wa pili alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2017), waliuchambua usajili wa NFL na kuchapisha utafiti wao mwaka 2013. Waliwatazama wachezaji wawili wanaofuatana kuchaguliwa katika nafasi moja ya uwanjani, kisha wakauliza: aliyechaguliwa mapema huishia kuwa bora kuliko wa nyuma yake mara ngapi? Jibu lilikuwa asilimia 52 hivi. Kurusha sarafu kunakupa 50. Hizo ni klabu zenye maskauti, madaktari na mikanda ya video ya miaka mitatu. Sisi wenye simu na bando la usiku tungepaswa kuwa na adabu kidogo tunapotamka kwamba fulani kaboronga.

Mashabiki wa Simba na Yanga hawahitaji kufundishwa haya, maana kila Agosti bingwa wa usajili hutangazwa vijiweni kabla ya ligi kuanza, na kila Mei kuna majina ambayo hakuna anayetaka kukumbushwa. Tuyaache.

Hii haina maana kwamba usajili haupimiki. Unapimika, ila kipimo chake kinaanza na kilichokuwa mezani wakati wa zamu yako, na nani angebaki zamu yako itakaporudi. Chukua makipa. Katika ligi ya makocha kumi, kila mmoja lazima awe na makipa wawili, jumla 20. Ligi Kuu ina klabu 20, kila moja na kipa wake namba moja. Maana yake makipa wote wanaocheza wanakwisha, lakini hakuna anayelazimika kukosa. Tofauti ya pointi kati ya kipa wa tatu na wa tisa mwisho wa msimu kwa kawaida ni ndogo. Basi kocha anayemchukua kipa raundi ya nne amelipia ghali kitu ambacho raundi ya kumi na mbili angekipata kwa karibu bure. Huyo hata kipa wake akiongoza kwa pointi, mimi alama yake naikata. Ligi ikiwa ya makocha 16 hesabu inageuka: wanatakiwa makipa 32, wanaocheza ni 20, na nafasi 12 zitajazwa na makipa wa benchi. Hapo anayewahi kuchukua wawili wanaocheza amefanya kazi ya maana.

Washambuliaji ndio wagumu zaidi kuwapima. Msimu wa 2023/24 Erling Haaland, ambaye kwa makocha wengi alikuwa chaguo la kwanza bila mjadala, alimaliza na pointi 217. Cole Palmer alipata 244, Phil Foden 230, Ollie Watkins 228, Bukayo Saka 226. Ukipanga kwa pointi tupu, aliyempata Haaland kwa zamu ya kwanza alipunjwa. Lakini tazama nafasi: viungo watano walivuka 200, ukiwaongeza Son na Salah kwa hao niliowataja. Washambuliaji waliovuka 200 walikuwa wawili tu, Watkins na Haaland, na wa tatu aliachwa mbali. Klabu nyingi siku hizi huanza na mshambuliaji mmoja, ilhali makocha kumi wa fantasi wanahitaji 30. Aliyeshika Haaland alikuwa na kitu ambacho wenzake wanane hawakuwa na kinachokikaribia. Kuna kasoro moja katika hoja hii, na nimewahi kuisikia ikitolewa kwa sauti ya juu: sheria inakulazimisha kusajili washambuliaji watatu, lakini unaweza kumpanga mmoja tu na kujaza viungo watano. Ni kweli. Ndiyo maana pengo la washambuliaji lina uzito, ila si uzito ule ambao wapenzi wa namba 9 wanaupigia debe.

Halafu Palmer mwenyewe. Kinara huyo wa pointi wa msimu ule hakuchaguliwa na karibu mtu yeyote, kwa sababu Agosti alikuwa bado kijana wa akiba pale City. Chelsea walimsajili siku dirisha lilipofungwa, Septemba 1, ligi ikiwa imeshaanza. Akamaliza na mabao 22. Kwenye fantasi ya zamu wachezaji waliobaki bila mwenyewe huombwa kwa foleni, na anayeshika mkia kwenye msimamo ndiye anayepewa nafasi ya kwanza kwenye foleni hiyo. Kwa hiyo katika ligi nyingi kito cha msimu kilikwenda kwa mtu aliyekuwa macho mwezi Septemba na Oktoba, yawezekana yuleyule aliyepewa D. Mwisho wa mwaka akitwaa ubingwa, marafiki zake husema kumbe alisajili vizuri. Hapana. Alisajili vibaya, akafanya kazi vizuri. Ni vitu viwili, na anayetaka kujipima lazima avitenganishe.

Njia ya kuvitenganisha ni rahisi na karibu hakuna anayeitumia. Usiku wa usajili piga picha ya vikosi vyote. Iweke pembeni. Mwezi Mei jumlisha pointi za wale 15 wa mwanzo wa kila kocha kana kwamba hakuna aliyebadilisha mtu msimu mzima, kisha linganisha na msimamo halisi. Tofauti kati ya majedwali hayo mawili ndiyo kazi ya katikati ya msimu: maombi ya kwenye foleni, kubadilishana, kumwacha mtu kwa wakati. Binafsi naamini watu wengi wakifanya hesabu hiyo wataona kwamba usiku wanaoutambia mwaka mzima ulichangia pungufu ya walivyodhani.

Siku hizi zipo pia programu zinazoucheza msimu kwa kompyuta hata kabla mpira haujaanza, mara elfu kwa elfu, kila mara zikibahatisha majeraha na mabao upya, kisha zinakwambia kikosi chako kinatwaa ubingwa mara ngapi. Nazipenda kwa sababu moja: zinafundisha kiasi. Katika ligi ya watu kumi waliolingana, kila mmoja ana nafasi 10 katika 100. Ukiambiwa una 18, umesajili vizuri sana, na bado mara 82 katika hizo 100 kombe linakwenda kwa mwingine. Herufi A haisemi hivyo. Lakini kompyuta nayo hula ilichopewa. Ikipewa makadirio yanayodhani mchezaji atacheza kila wiki, itampangia kila wiki, hata kama Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja. Mashindano yaliyofanyika Ivory Coast mwaka 2024 yalianza Januari 13 na kuisha Februari 11, na Mohamed Salah aliumia akiwa huko na Misri. Tarehe zilijulikana. Aliyempunguzia Salah wiki kadhaa kwenye makadirio yake Agosti alikuwa na akili kuliko programu yake.

Mambo mengine hayana wa kumlaumu. Yoane Wissa, mshambuliaji wa DR Congo, alifunga mabao 19 ya ligi akiwa Brentford msimu wa 2024/25, na ni watu wachache waliomchukua mapema. Mwaka uliofuata wengi walimtaka. Akagoma kuichezea klabu, akahamia Newcastle mwanzoni mwa Septemba, kisha akaumia goti akiitumikia timu ya taifa kabla hajaivaa jezi mpya hata kwa dakika moja. Mgomo ungeweza kuuona ukija, maana ulikuwa kwenye magazeti kiangazi chote. Goti, hapana. Anayempima kocha wa Wissa amhesabie la kwanza na amsamehe la pili.

Hasara kubwa ya alama za haraka huonekana baadaye, wakati wa kubadilishana wachezaji. Kocha aliyesifiwa kwa chaguo lake hulishikilia. Foden aliingia msimu wa 2024/25 akiwa Mchezaji Bora wa Ligi, na mahali pengi alikwenda raundi ya kwanza. Chris Wood wa Nottingham Forest alichukuliwa mwishoni au hakuchukuliwa kabisa. Kufikia Oktoba Wood alikuwa anafunga na Foden anatafuta namba, lakini jaribu kumpelekea mwenye Foden ofa ya Wood wiki ile. Angeiona kama tusi: raundi ya kwanza kwa mtu wa raundi ya kumi na tatu? Mei ilipofika Wood alikuwa na mabao 20 ya ligi na Foden saba.