Mzizi wa Jino la Mtoto Ukivunjika, Usikimbilie Kung'oa

Mtoto akianguka na baiskeli, jino lake la mbele likaanza kucheza, wengi huona dawa ni kuling'oa. Kumbe huenda kilichovunjika ni mzizi, ndani ya mfupa wa taya, na mzizi huo mara nyingi hupona jino likiwa mahali pake.

Kwa macho jino huonekana zima, ila limelegea au limeshuka kidogo, na fizi inavuja damu. Daktari hupiga eksirei zaidi ya moja kwa pembe tofauti, kwa sababu ufa wa mshazari unaweza kujificha katika picha moja.

Mwaka 2004, Jens Andreasen wa Denmark na wenzake walichapisha matokeo ya meno 400 yaliyovunjika mizizi. Asilimia 30 yaliungwa na tishu ngumu, 43 yakashikwa na tishu laini iliyoota kati ya vipande, na 5 yakaotwa na mfupa katikati. Yaliyoshindwa kupona yalikuwa 22 katika kila 100. Watoto wana bahati zaidi: mzizi usiokomaa una ncha iliyo wazi, damu hupita kwa urahisi.

Tiba yenyewe si ya makeke. Daktari hurudisha kipande cha juu, yaani chenye sehemu inayoonekana kinywani, mahali pake, kisha hufunga jino pamoja na majirani zake kwa waya mwembamba, usiozidi milimita 0.4, au hata mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ulioshikizwa kwa dawa ya kuzibia meno. Kifungo hukaa wiki 4. Ufa ukiwa karibu na fizi, hadi miezi 4.

Baada ya hapo panahitajika subira. Jino linaweza kukaa hadi miezi 3 bila kuhisi baridi, kisha hisia zikarudi, hivyo ganzi hiyo peke yake haitoshi kuanzisha tiba ya mzizi. Kiini, yaani tishu hai iliyo ndani ya jino, kikifa, kwa kawaida hutibiwa kipande cha juu tu, hadi kwenye ufa. Cha chini aghalabu huwa bado hai.

Hayo ni ya meno ya kudumu; meno ya utotoni yana utaratibu wake. Kipande ambacho hakijahama huachwa. Kilicholegea sana kinaweza kutolewa, lakini mzizi uliobaki usichokonolewe: mwili utauyeyusha wenyewe, na kuuchimba kunaweza kuliumiza jino la kudumu linalokua chini yake.

Mzazi, mpeleke mtoto kwa daktari wa meno siku hiyohiyo. Jino la kudumu likishafungwa, mpe chakula laini na mswaki laini, na usikatishe marudio: baada ya wiki 4, wiki 6 hadi 8, miezi 4, miezi 6, mwaka, kisha kila mwaka hadi itimie miaka 5. Jino lililotulia leo linaweza kuoza kiini kimyakimya, na likiwahiwa bado huokolewa.